Kupiga Picha ya Nyota Mkia kwa Kamera Uliyonayo

Mwanzoni mwa Oktoba 2024, aliyeamka mapema na kusimama ufukweni Paje, Watamu au Kilwa aliweza kuiona nyota mkia ya Tsuchinshan-ATLAS ikipanda kutoka baharini kabla ya jua, mkia wake ukielekea juu. Aliyeinua simu na kubonyeza tu aliambulia weusi mtupu. Aliyekuja na kamera ya kawaida, lenzi ya kawaida, stendi na maandalizi ya siku moja kabla alirudi nyumbani na picha ya kutundika ukutani. Fedha haikuwa na nafasi kubwa katika tofauti ya wawili hao.

Watu wengi wakisikia kwamba nyota mkia inakuja huuliza kwanza habari ya darubini. Kwa nyota mkia hafifu, swali hilo lina maana. Kwa ile inayong'aa hadi ikaonekana kwa macho, darubini humpa mpiga picha kichwa tu na kumnyima mkia, kwa sababu mkia ni mrefu kupita kiasi. Nyota mkia ya McNaught, iliyotanda anga ya kusini Januari 2007, ilikuwa na mkia uliochukua zaidi ya nyuzi 30 za anga. Mwezi mpevu huchukua nusu nyuzi. Kitu kikubwa namna hiyo kinataka lenzi pana, na lenzi pana ndiyo iliyokuja na kamera yako.

Ijue kwanza tabia yake

Nyota mkia si kimondo. Kimondo hupita kwa sekunde moja au mbili kikapotea. Nyota mkia huonekana imetulia mahali pake, ikihama kidogo siku hadi siku, na huweza kuonekana kwa siku kadhaa au hata wiki. Ni bonge la barafu na vumbi linalolizunguka jua. Likilikaribia jua, barafu hugeuka gesi na kubeba vumbi, na vyote viwili husukumwa kuelekea upande usio na jua. Ndiyo maana mara nyingi huwa na mikia miwili: wa vumbi, mweupe wenye umanjano na uliopinda kidogo, na wa gesi, mwembamba, ulionyooka, wenye rangi ya samawati. Macho kwa kawaida huuona wa vumbi peke yake. Kamera ndiyo inayoufichua ule wa samawati.

Kwa mpiga picha, jambo la kushika hapa ni kwamba mkia hukimbia jua. Nyota mkia zinazong'aa sana huwa karibu na jua, kwa hiyo huonekana muda mfupi kabla ya macheo au baada ya machweo, jua likiwa limejificha chini ya upeo, na mkia huelekea juu. Katika nchi zilizo karibu na ikweta jua hupanda na kuzama karibu wima, basi mara nyingi mkia nao husimama. Igeuze kamera isimame wima kabla hata hujaanza kutafuta sehemu nzuri ya picha, na uache anga ya kutosha juu ya kichwa cha nyota mkia. Kosa la kawaida ni kukiweka kichwa katikati ya fremu, ukaja kugundua nyumbani kwamba nusu ya mkia imekatwa.

Mizani ya giza na kimo

Ugumu wa kazi hii ni muda. Nyota mkia ikiwa juu vya kutosha, anga bado ina mwanga wa jua. Anga ikiwa nyeusi ya kutosha, nyota mkia iko chini mno, imemezwa na vumbi na ukungu wa upeo. Picha nzuri hupatikana katikati ya hali hizo mbili, na muda huo unaweza kuupigia hesabu kabla hujatoka nyumbani.

Anga huzunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi moja kila dakika nne. Tuseme nyota mkia iko nyuzi 20 kutoka kwenye jua, moja kwa moja juu yake. Jua likiwa nyuzi 13 chini ya upeo, nyota mkia iko nyuzi 7 juu. Jua likiwa nyuzi 8 chini, nyota mkia imefika 12, lakini anga imeanza kupauka. Kati ya hali hizo mbili kuna dakika 20. Hizo ndizo dakika zako za kazi. Alfajiri utaanza gizani na kumalizia kwenye mwanga. Jioni mambo hugeuka: unaanza na mwanga, kisha unaikimbilia nyota mkia isizame kabla giza halijatulia.

Programu ya bure ya Stellarium, kwenye kompyuta au simu, itakuonyesha nyota mkia itakuwa wapi kwa saa na mahali utakapotaja, mradi umesasisha taarifa zake za nyota mkia. Andika kwenye karatasi mambo matatu: upande wa dira, kimo chake, na saa jua litakapokuwa nyuzi 12 chini ya upeo. Ukifika uwanjani, pima kwa mkono. Ngumi iliyokunjwa, mkono ukiwa umenyooshwa mbele, ina upana wa nyuzi 10 hivi. Kiganja kilichotanuliwa, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, ni nyuzi 20 hivi. Ukijua kwamba nyota mkia iko ngumi moja juu ya maji, huhangaiki kuitafuta gizani.

Mahali, mwezi na maji

Unahitaji upeo ulio wazi upande unaohusika, na maji mengi ndiyo hutoa upeo wazi kuliko kitu kingine. Kwa alfajiri, pwani yote ya Bahari ya Hindi inayotazama mashariki inafaa. Aliye Bukoba ana Ziwa Victoria mbele yake, na aliye Kalemie ana Ziwa Tanganyika. Kwa jioni, Kigoma, Musoma na Kisumu hutazama magharibi juu ya maji. Mji Mkongwe wa Unguja nao hutazama magharibi, ila taa zake ni nyingi. Sogea mbali nazo kadiri unavyoweza.

Baada ya mahali, tazama mwezi. Mwaka 2024 mwezi mpya ulikuwa Oktoba 2, kwa hiyo alfajiri za Tsuchinshan-ATLAS zilikuwa na giza safi. Ilipohamia jioni, upande wa magharibi, mwezi ulikuwa unakua, na Oktoba 17 ukawa mpevu. Nyota mkia ilikuwa ileile, lakini anga iliyopauka kwa mbalamwezi ilificha sehemu nyembamba ya mkia. Kama una siku moja tu ya kuomba ruhusa kazini au kukodi usafiri, chagua siku kwa kutazama mwezi kabla ya kitu kingine chochote.

Wakazi wa pwani wanajua kwamba giza la mwezi mwandamo huja na bamvua. Katika pwani yetu maji ya bamvua hujaa alfajiri na alasiri, na kupwa mnamo saa nne. Kwa hiyo alfajiri zenye giza bora ndizo alfajiri ambazo bahari imepanda hadi karibu na minazi. Ufuo mpana uliouona jana saa nne asubuhi hautakuwepo, na ngalawa uliyopanga kuiweka mbele ya picha, iliyokuwa imelala mchangani, itakuwa inaelea na kuyumba. Chombo kinachoyumba hakipigiki kwa sekunde sita. Tafuta kitu kisichotikisika: mbuyu, kuta za gofu, jabali la matumbawe, au mashua iliyovutwa juu nchi kavu. Ulizia wavuvi wa hapo saa maji yatakapojaa, nao watakujibu bila kufungua jedwali.

Usiende peke yako. Mtu anayezunguka ufukweni saa kumi usiku na tochi na stendi huwatia watu wasiwasi, na ana haki ya kuulizwa. Mweleze sheha, mwenyekiti wa mtaa au mzee wa mtaa mchana wa kuamkia siku hiyo. Epuka kabisa maeneo ya bandari na kambi za jeshi.

Lenzi ipi kati ya ulizonazo

Kamera nyingi za wanaoanza huuzwa na lenzi ya milimita 18 hadi 55. Kwenye upande wa 18 hiyo hubeba anga pana sana, inayofaa kama unataka mandhari yote, na nyota mkia iwe pambo ndani yake. Hata hivyo, lenzi ninayopendekeza kwanza ni ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kuliko zote dukani, na hata iliyotumika inafaa. Kwenye kamera yenye sensa ndogo ya APS-C hiyo hubeba nyuzi 27 kwa 18 hivi. Ukiisimamisha kamera wima, mkia wa nyuzi 15 unaenea, na mbuyu chini yake unaenea pia.

Tundu la lenzi lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Lenzi ya 18 hadi 55 ikivutwa hadi 55 kwa kawaida hufunguka f/5.6 tu. Ile ya 50 kwa f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi kwa muda uleule. Usiifungue hadi mwisho, lakini. Ifunge kidogo hadi f/2.2 au f/2.8, kwani lenzi za bei nafuu zikifunguliwa zote huzifanya nyota za pembeni ziote mbawa.

Lenzi ndefu ya milimita 200 ina kazi yake nyota mkia ikiwa ndogo au ikiwa karibu kabisa na mlima au jengo. Ila lenzi ndefu hukuza kila kitu, pamoja na kila mtikisiko wa upepo na kila sekunde ya mzunguko wa dunia. Anza na fupi, upate picha ya uhakika, ndipo ubadilishe kama muda upo.

Fokasi: hapa ndipo picha nyingi hufia

Kama utashika sehemu moja tu ya makala haya, iwe hii. Gizani kamera haiwezi kufokasi yenyewe. Itahangaika mbele na nyuma, kisha itagoma kufungua shata, au itafungua ikiwa imefokasi hewa. Na alama ya mwisho kwenye pete ya lenzi, ile ya umbali usio na kikomo, si ya kuaminika. Lenzi nyingi hupita hapo kidogo.

Fanya hivi. Sukuma swichi ya pembeni mwa lenzi kutoka AF kwenda MF. Washa kioo cha nyuma. Elekeza kamera kwenye nyota angavu, au kwenye Zuhura kama ipo angani. Oktoba 2024, Zuhura ilikuwa upande uleule wa magharibi jioni, ikawa msaada mkubwa. Bonyeza kitufe cha kukuza hadi kioo kionyeshe sehemu ndogo ya picha mara kumi. Nyota itaonekana kama duara lililofifia. Zungusha pete ya fokasi polepole mno: duara litasinyaa likawa nukta, kisha litaanza kutanuka tena. Rudi nyuma mpaka nukta iwe ndogo kadiri inavyowezekana. Simama hapo. Bandika kipande cha tepu juu ya pete ili isisogee, halafu usiiguse tena. Piga picha moja, ikuze kwenye kioo, uthibitishe kwamba nyota ni nukta. Rudia uthibitisho huo kila baada ya dakika kumi hivi, kwa sababu joto likishuka fokasi huhama.

Lenzi ikiwa na kidhibiti mtikisiko, kizime kamera ikiwa kwenye stendi. Zima flashi. Weka taima ya sekunde mbili ili kidole chako kisitikise kamera wakati wa kubonyeza. Stendi iliyo mchangani isukume chini mpaka igome kuzama, usiirefushe shingo yake ya katikati, na utundike mfuko wako chini yake kama kuna upepo.

Muda wa shata na ISO

Dunia inazunguka, kwa hiyo shata ikikaa wazi muda mrefu nyota hugeuka vistari. Kanuni rahisi ni kugawa 300 kwa urefu wa lenzi. Kwa kamera ya APS-C, zidisha kwanza urefu kwa 1.5. Lenzi ya 50 kwenye kamera hiyo inahesabika kama 75, hivyo una sekunde nne. Lenzi ya 18 inahesabika kama 27, hivyo una sekunde 11. Kwa kamera ya sensa kubwa, lenzi ya 50 inakupa sekunde sita. Utakuta wanaotumia 500 badala ya 300. Hiyo ilitosha enzi za filamu, lakini sensa za leo huonyesha vistari waziwazi.

Anza na mpangilio huu kwa giza zuri: f/2.2, sekunde nne, ISO 1600, faili la RAW, mizani ya weupe karibu 4000. Piga, kisha tazama grafu ya mwanga, wala usitegemee uzuri wa picha kwenye kioo, kwani kioo king'aavyo gizani hudanganya. Kilima cha grafu kiwe kimeachana na ukingo wa kushoto. Kama kimegandamana nao, panda hadi ISO 3200. Alfajiri inapokaribia, kilima kitasogea kulia kila unapopiga, nawe utashusha ISO hadi 800, kisha 400, kisha utapunguza sekunde. Usiache kupiga anga inapoanza kugeuka samawati na chungwa. Mara nyingi picha bora ya asubuhi nzima hutoka hapo, mandhari yanapoanza kuonekana na mkia bado upo.

Kwa kila mpangilio piga picha nyingi mfululizo, 16 au zaidi, bila kugusa stendi. Nyumbani utaziunganisha, nazo chenga, yaani zile punjepunje za picha za gizani, zitapungua. Picha 16 zikiunganishwa hubakisha robo ya chenga za picha moja. Zima ile huduma ya kamera ya kupunguza chenga baada ya kila picha ndefu; inatumia muda sawa na wa kupiga, na dakika zako ni 20 tu.

Kama unatumia lenzi ndefu alfajiri, fahamu saa jua litakapochomoza, na funga kazi kabla yake. Jua kupitia lenzi ndefu huharibu jicho na sensa.

Wenye simu peke yake

Simu nyingi za sasa zina hali ya usiku, na nyingine zina hali ya kitaalamu inayokuruhusu kuchagua mwenyewe. Kinachoshindikana ni mkono. Iegemeze simu kwenye jiwe au kishikio chochote kisichotikisika, weka taima ya sekunde tatu, tumia lenzi kuu, na usivute picha kwa vidole. Kwenye hali ya kitaalamu jaribu ISO 800 na sekunde kumi, fokasi ikiwa kwenye alama ya mlima. Nyota mkia itaonekana ndogo. Kwa hiyo mpe mtazamaji kitu kikubwa mbele yake: mtu aliyesimama kimya, mnazi, kanisa au mnara wa msikiti. Picha ya namna hiyo huvutia kuliko doa lililokuzwa.

Unyevu na chumvi

Kamera iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi Dar es Salaam au Mombasa ikitolewa nje alfajiri hufunikwa na ukungu papo hapo, na dakika 20 zako huishia kwenye kufuta kioo. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki, itoe chumbani saa moja kabla, na uiache ipate joto la nje kabla ya kufungua mfuko. Baada ya kazi, futa kamera kwa kitambaa chenye unyevunyevu kidogo wa maji baridi yasiyo na chumvi, na uisuuze miguu ya stendi. Chumvi ya siku moja hula skrubu polepole.

Nyumbani

Programu za bure kama Siril au DeepSkyStacker huunganisha picha zako kwa kuzipanga juu ya nyota. Kwa lenzi pana na picha za dakika chache, mwendo wa nyota mkia yenyewe kati ya nyota hauonekani, basi huna haja ya mbinu za ziada. Mandhari ya mbele yatavurugika kidogo, kwani yametulia wakati nyota zinasogea. Chukua mandhari kutoka picha moja na anga kutoka zile zilizounganishwa.

Ongeza utofauti wa giza na mwanga kwa kiasi mpaka mkia utokeze, ukaishie hapo. Ukiona mawingu yana rangi ya zambarau na nyota zina pete nyeusi, umepita kiasi, rudi nyuma. Na chini ya picha andika mahali, tarehe, saa, lenzi na sekunde. Kama umeunganisha picha, sema. Mitandao imejaa nyota mkia ambazo hazikuwahi kuwepo angani, na maelezo kamili ndiyo yanayoitenga picha yako nazo.

Usisubiri tangazo

Ile maarufu ya Halley itarudi mwaka 2061, na wengi wetu hatuna sababu ya kuipangia. Nyota mkia kubwa huja bila miadi. McNaught iligunduliwa Agosti 2006, na miezi mitano baadaye ilionekana hata mchana. Nyingine huahidi na kuvunja ahadi: C/2024 S1 iligunduliwa mwishoni mwa Septemba 2024, watu wakaanza kuitazamia, na Oktoba 28 ikasambaratika ilipolikaribia jua. Kwa hiyo usinunue lenzi ya gharama kwa sababu ya utabiri, wala usikose kutoka nje kwa sababu utabiri ni wa wastani.

Fanya mazoezi wakati anga haina kitu cha ajabu. Chagua usiku mmoja wiki hii usio na mwezi, panda darini au toka nje ya taa za mji, fokasi nyota moja mpaka iwe nukta, bandika tepu, piga picha 16 za sekunde nne na uziunganishe. Anayeweza kufanya hivyo bila kuwasha tochi yuko tayari kwa nyota mkia yoyote itakayokuja, na kamera aliyonayo inamtosha.